Mbona Storm Hafiki Serengeti?

Mwezi Mei 1975 kampuni ya Marvel ya New York ilitoa kitabu cha katuni kilichoitwa Giant-Size X-Men, toleo la kwanza. Mwandishi alikuwa Len Wein, mchoraji Dave Cockrum. Ndani yake mna kurasa chache ambazo shabiki wa katuni wa Karatu akizifikia haziachi upesi. Kijiji cha Afrika Mashariki kimekumbwa na ukame, na watu wake wanamwendea mwanamke mwenye nywele nyeupe kumwomba mvua. Mwanamke anapaa. Upepo unavuma, mawingu yanajikusanya, mvua inashuka. Kisha anajitokeza mwanamume mwenye upara, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, na kumweleza kwamba yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida, na kwamba dunia ina kazi naye.

Huyo ndiye Ororo Munroe, maarufu kwa jina la Storm. Kwa mujibu wa katuni, mama yake alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya na baba yake mpiga picha Mmarekani. Alizaliwa New York, akapelekwa Cairo akiwa mdogo, na huko wazazi wake wakauawa pale ndege ya kivita ilipoiangukia nyumba yao wakati wa vita vya Suez vya mwaka 1956. Mtoto alibaki chini ya kifusi, na tangu siku hiyo Storm haogopi kitu kingine kama anavyoogopa kufungiwa mahali pembamba. Akawa mwizi wa mifukoni katika mitaa ya Cairo. Alipopata akili za kujitegemea alishika njia kuelekea kusini kwa miguu, hadi Serengeti, ambako watu walianza kumwita mungu wa mvua.

Shabiki wa Karatu hucheka kidogo anapofika hapo, kwa sababu waandishi wa Marvel walizoea kuitaja Kenya na Serengeti kwa pumzi moja. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iko Tanzania, na nyanda zake za majani mafupi zinaendelea hadi Ndutu, ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Mtu akiondoka Karatu mjini, akapita lango la Loduare, akapanda hadi ukingo wa kreta na kuteremka upande wa pili kuelekea Olduvai, tayari ameingia kwenye nyika ya Storm. Nyumbu huzalia huko kati ya Januari na Machi, majani yanapochipua kwenye udongo wa majivu ya volkano. Mvua ikikawia, nyumbu huondoka na mfugaji huhamisha ng'ombe. Upande wa Karatu mkulima wa ngano hutazama mawingu hayo hayo, na Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, wakulima wa vitunguu huzungumzia maji ya chemchemi karibu kila siku. Wairaqw, ambao ni wengi Karatu, katika imani yao ya asili humtaja Looaa kama mama na kumhusisha na jua. Mwanamke mwenye mamlaka juu ya anga si jambo geni kwao hata kidogo.

Kwa hiyo sinema zilipofika, watu wa huku walikuwa na haki ya kutarajia kitu.

Filamu ya kwanza ya X-Men ilitoka mwaka 2000. Storm aliigizwa na Halle Berry, ambaye aliendelea na nafasi hiyo katika filamu za 2003, 2006 na 2014. Anarusha radi, anaita ukungu, anafundisha watoto shuleni kwa Xavier, yule mwanamume mwenye upara. Kwao hakuonyeshwi. Katika X-Men: Apocalypse ya mwaka 2016, Storm kijana akiigizwa na Alexandra Shipp, mtazamaji anafikishwa Cairo na kumwona msichana akiiba sokoni. Lakini ile safari ya kuelekea kusini haifanyiki. Anakutana na adui mkubwa wa filamu hapo hapo Misri, anapewa mavazi mapya, basi. Safari ya Serengeti imeishia mto Nile.

Mashabiki wengi wa Marekani wanapobishana kuhusu filamu za mashujaa, hubishana juu ya mavazi, rangi ya ngao, nani angemshinda nani. Mabishano hayo yapo Karatu pia. Ila kwa Storm lalamiko la huku ni jingine: nguvu zake zote zimehamia kwenye sinema, lakini nyika iliyozipa maana imeachwa kwenye karatasi. Mwanamke anayerusha radi juu ya jiji la Marekani ni tamasha la macho. Mwanamke huyo huyo akisimama mbele ya wafugaji ambao ng'ombe wao wanakufa, halafu akatakiwa kuchagua kati ya kubaki nao na kumfuata mgeni wa ng'ambo, hapo pana hadithi.

Katuni zenyewe zililijua hilo. Mwaka 1984 mwandishi Chris Claremont alimnyang'anya Storm nguvu zake, na mwaka 1985, katika toleo la 198 la Uncanny X-Men lililochorwa na Barry Windsor-Smith, akamrudisha Afrika akiwa mtu wa kawaida. Anatembea peke yake nyikani. Anamkuta mwanamke mjamzito, anamsaidia kufika kijijini kwao na kujifungua. Kijiji kina njaa na ukame, naye, aliyewahi kuabudiwa kwa mvua, hana hata tone la kutoa. Hakuna adui wa kupigwa ngumi katika toleo zima. Wasomaji wa X-Men hulitaja hadi leo kati ya matoleo bora, na hakuna studio iliyowahi kulipeleka kwenye sinema.

Kuna sababu za kibiashara. Filamu ya saa mbili yenye mashujaa kumi haiwezi kumpa kila mmoja historia yake, na katika X-Men nafasi kubwa ilichukuliwa na Wolverine wa Hugh Jackman. Sababu nyingine ni ya hatimiliki. Haki za kutengeneza filamu za X-Men zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Fox, wakati Marvel Studios, iliyo chini ya Disney, ilibaki na wahusika wengine, akiwemo Black Panther. Kwenye katuni Storm na T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther, walikutana wakiwa vijana, na mwaka 2006 wakafunga ndoa. Kwenye sinema hawakuweza hata kusalimiana, maana kila mmoja alikuwa mali ya kampuni yake.

Black Panther ndiye anayewapa mashabiki wa Afrika Mashariki mfano wa upande wa pili. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa kwa mara ya kwanza Julai 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four. Wakanda ni nchi ya kubuni, lakini waandishi wameiweka Afrika Mashariki, mara karibu na Ziwa Turkana, mara kando ya Ziwa Victoria. Katuni za mwanzo zilikuwa na kasoro zake: kati ya mwaka 1973 na 1976 visa vya T'Challa vilichapishwa katika jarida lililoitwa Jungle Action, na mpinzani wake M'Baku alipewa jina la utani la kumfananisha na sokwe.

Filamu ya Ryan Coogler ya mwaka 2018 ilirekebisha mambo hayo bila kuitupa katuni. Ilichukua kutoka Jungle Action lile pambano la maporomoko ya maji kati ya T'Challa na adui yake Killmonger. Ililifuta lile jina la M'Baku na kumfanya kiongozi mwenye heshima zake. Ilimpa Killmonger utoto wa Oakland, California, hata mtazamaji akamhurumia adui. Mbunifu wa mavazi Ruth E. Carter alitazama Wamasai, Waturkana na Wahimba alipowavika wale wanawake walinzi wa mfalme, na mtu wa Ngorongoro akiwaona na nyekundu yao na shanga shingoni hahitaji kuelezwa. Carter alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019. Picha za kutoka angani zilipigwa, miongoni mwa kwingine, juu ya Bwindi na milima ya Rwenzori nchini Uganda. Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala walikuwemo, na Februari 2018 filamu ilizinduliwa Kisumu, mji ambao baba yake Lupita alikuwa gavana wa kaunti yake.

Sifa hizo hazimzuii shabiki kunung'unika. Watu wa Wakanda, nchi ya Afrika Mashariki, wanazungumza Kixhosa cha Afrika Kusini. Chanzo chake ni mwigizaji John Kani: katika Captain America: Civil War ya mwaka 2016, akiigiza baba yake T'Challa, alitumia lugha yake mwenyewe, na filamu iliyofuata ikabaki nayo. Blanketi za Wabasotho zimekaa jirani na shanga za Kimasai, na kisahani cha mdomo cha bonde la Omo kimevaliwa na mzee wa baraza. Kwa mtazamaji wa Ulaya hiyo yote ni Afrika. Kwa mtu anayejua kumtofautisha Mmasai na Mdatoga kwa vazi tu, ni mchanganyiko wa kutosha kumfanya aulize maswali. Hata hivyo wengi wako tayari kuyasamehe hayo, kwa kuwa filamu ilijitahidi kumpa shujaa kwao. Coogler alifanya hivyo tena mwaka 2022 katika Wakanda Forever: Namor, ambaye yumo kwenye katuni tangu mwaka 1939 na humo ni mtawala wa Atlantis, alipewa asili ya Wamaya wa Yucatán, akatoka humo akiwa mtu mzito kuliko alivyokuwa kwenye karatasi.

Watu wa Karatu hawazitazami filamu hizi kama zilivyotoka Hollywood. Ukumbi mkubwa wa sinema uko Arusha, mwendo wa kilomita zipatazo 140. Huku ni simu, ni flashi, ni kibanda umiza: mabenchi ya mbao, televisheni moja, na muvi iliyotiwa sauti ya Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Kazi hiyo ya kutafsiri ina majina yake. Dar es Salaam ilimjua Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu, na baadaye DJ Mark. Kenya ina DJ Afro. Msimuliaji hafasiri neno kwa neno. Anamtambulisha steringi, anamtania adui, anaeleza nani ni ndugu wa nani, na pale studio ilipokata historia ya mhusika, yeye anaweza kuirudisha kwa sentensi tatu huku mapigano yakiendelea. Mtazamaji ambaye hajawahi kushika katuni ya Marvel anaweza kutoka kibandani akiwa na hadithi kamili kuliko aliyelipa tiketi New York.

Afrika Mashariki nayo imeanza kutengeneza mashujaa wake. Februari 2018, mwezi ule ule wa Black Panther, tamasha la filamu la Berlin lilionyesha Supa Modo ya Likarion Wainaina wa Kenya. Jo, msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na anaota kuwa shujaa wa kwenye filamu. Kijiji kizima kinakubaliana kumfanya aamini ana nguvu, kisha kinatengeneza filamu yake. Mwaka 2023 Disney+ ilitoa Kizazi Moto, mkusanyo wa katuni fupi 10 za Kiafrika. Katika moja, Ng'endo Mukii wa Kenya alimchukua Enkai, jina la Mungu kwa Wamasai, akamfanya mtoto mungu anayejifunza kuumba. Katika nyingine, Raymond Malinga wa Uganda alisimulia wachunga ng'ombe wanaopambana na viumbe wa giza. Mfugaji wa Ngorongoro akiitazama hiyo ya pili hahitaji msimuliaji.

Wilaya ya Ngorongoro yenyewe ina malighafi ambayo Marvel ingeilipia fedha nyingi. Wabatemi, ambao wengine huwaita Wasonjo, wanaishi katika vijiji kama Digodigo, Sale na Samunge, ile Samunge iliyojaa magari mwaka 2011 watu wakifuata kikombe cha dawa cha mzee aliyeitwa Babu. Masimulizi yao yanamtaja Ghambageu, aliyezaliwa kutoka kwenye mguu wa baba yake uliovimba, akatenda miujiza, akawageuza watu kuwa mawe, akafa, na kaburi lake lilipofunguliwa likakutwa halina mwili. Mwanaanthropolojia Robert F. Gray aliyaandika masimulizi hayo katika kitabu chake cha mwaka 1963. Mchoraji atakayetamani kumtia Ghambageu kwenye katuni hatapambana na mawakili wa hatimiliki. Itambidi aketi na wazee wa Kibatemi, kwa kuwa huyo si mhusika wa kubuni, ni sehemu ya imani, na wazee wana haki ya kukataa.

Kuhusu Storm, kikwazo cha kampuni mbili kimeondoka. Machi 2019 Disney ilikamilisha ununuzi wa Fox, na Marvel Studios sasa inaandaa X-Men wake. Ikiwa watamrudisha Ororo, Cairo wameshaionyesha; kilichobaki ni kipande cha njia cha kusini. Na wakiamua kuja kupiga picha zake Ndutu, mashabiki wa Karatu wanaweza kuwashauri waje Machi, masika yanapoanza, ili Storm asichoke bure kuita mvua ambayo tayari iko njiani.