Mchicha wa Bibi na Mfongo wa Mwilini

Msomaji wa Moshi ameniandikia: bibi yake humkataza kuchuma mchicha akiwa mwezini, eti utakauka. Sayansi inasemaje?

Inasema chuma, dada. Lakini usimcheke bibi peke yake. Mwaka 1920 Béla Schick, daktari wa Vienna anayesifika kwa kipimo chake cha dondakoo, alimkabidhi mtumishi wake wa kike maua. Kesho yake yalikuwa yamenyauka, na kwa kuwa mtumishi alikuwa katika hedhi, msomi wetu akatangaza kwamba mwilini mwake mna sumu. Akaipa na jina: menotoksini. Bibi angalau hakuandika makala.

Siku 28 na mchoro wa homoni mlivikariri sekondari, navipita. Mimi nimependa mishipa.

Utando wa ndani wa mji wa mimba hulishwa na ateri nyembamba zilizojiviringa mfano wa vikono vya mtango vilivyoshika ufito. Tuziiteje? Nilijaribu "ateri parafujo", ikanuka gereji. "Ateri msokoto"? Vijana wa kijiweni watacheka mpaka kesho. Nimetulia kwenye "ateri pota", kutokana na kupota kamba. Asiyelipenda alete lake.

Sasa, mtu wa Moshi haambiwi mfongo ni nini. Maji yanatoka mlimani, yanapita mferejini, yanaingia kihambani, shamba la migomba la nyumbani. Ovari ikishatoa yai humwaga homoni ya projesteroni, na kihamba chetu, yaani ule utando, kinanenepa kikingoja mimba. Isipotunga, projesteroni inaporomoka baada ya wiki mbili hivi, na ateri pota zinajibana: lango la mfongo limefungwa. Tabaka la juu linasinyaa kwa kiu. Kisha ateri zinalegea, moja hapa, nyingine pale, na maji yaliyozuiliwa yanarudi kwa nguvu juu ya ardhi iliyokwisha kulegea, yanaizoa. Hiyo ndiyo hedhi. Kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini nazo zinaukaza msuli wa mji wa mimba usukume taka nje, na hapo ndipo tumbo linapouma. Lakini mgomba haung'olewi! Tabaka la chini lina ateri zake zilizonyooka, ambazo hazifungi maji, na kutoka shina hilo utando unachipua upya, bila kovu, mwezi baada ya mwezi. Jeraha gani jingine la mwili linapona hivyo?

Aliyeyaona haya kwa macho ni Markee, Mmarekani, mwaka 1940. Alipandikiza vipande vya utando huo ndani ya jicho la tumbili wa rhesus, akawa anachungulia kama mtu wa dirishani, akaona ateri zikijibana kabla damu haijatoka. Wapo wanaobishia siku hizi ukubwa wa kiu hiyo. Wabishe.

Kwa hiyo bustani inayonyauka ipo kweli, ila si ya mchicha. Na wanyama walio nayo ni wachache: nyani, sokwe, popo kadhaa, sange fulani. Mbuzi na ng'ombe hawana. Damu ya mbwa jike ni habari nyingine kabisa.

Damu ya hedhi moja kwa kawaida haizidi vijiko vichache vya chakula. Ukiona unalowesha pedi nzima kila saa, nenda kituo cha afya leo hii. Kama sivyo, chukua ungo, mchicha unakusubiri.