Mbwa Asiyepewa Kazi Hujitafutia Kazi

Katika mwambao wa kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Mocímboa da Praia hadi Palma, Quionga na mlango wa mto Rovuma, mbwa hakuzoeleka kuwa mnyama wa kudekezwa. Wenyeji wengi wa pwani hiyo ni Waislamu, na katika madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi. Ndiyo sababu mbwa huwekwa nje, na watoto huonywa mapema kwa methali isemayo kwamba ukicheza na mbwa atakufuata hata msikitini. Hata hivyo dini hiyo hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda mashamba, na masimulizi yake yanamtaja mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu. Kumweka mbwa nje ya nyumba ni jambo moja. Kumsahau huko nje ni jambo jingine.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimewahamisha mamia ya maelfu ya watu. Baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, shirika la Amnesty International lilitoa ripoti ambamo mashahidi walieleza kwamba mbwa wawili walipakiwa katika helikopta ya uokoaji ilhali watu waliachwa nyuma. Kampuni iliyorusha helikopta hizo ilikanusha madai ya ubaguzi, lakini uchungu wa habari hiyo unaeleweka na kila aliyekimbia kwa miguu. Kwa hiyo lisemwe wazi tangu mwanzo: binadamu hutangulia. Na ni kwa ajili ya binadamu huyo huyo kwamba mbwa aliyekwisha kufugwa, awe wa lindo au wa nyumbani, hana budi kutunzwa mwili na akili. Mbwa aliyepuuzwa huja kuwa hatari kwa watoto wa yule aliyempuuza.

DALILI ZA MBWA ALIYECHOSHWA

Watu wengi hudhani kwamba mbwa akishashiba na kufungwa kivulini amekwisha kupata haki yake. Sivyo. Mbwa ni mnyama aliyeumbwa kutafuta, kunusa, kutafuna, kufukua na kuishi na wenziwe. Akifungwa mnyororo mchana kutwa bila shughuli yoyote, nguvu zake hazipotei, bali hutafuta njia nyingine ya kutokea. Hubweka bila sababu hata lindo likaacha kumwamini, huzunguka palepale au kufukuza mkia wake, hulamba mguu mmoja mpaka ukatoka kidonda, hutafuna mlango wa banda, huwarukia wapitao. Mwenye mbwa husema, “Huyu ni mkali,” kumbe mbwa amechoshwa na upweke. Ikumbukwe pia kwamba dalili hizo zaweza kutokana na maradhi, kupe au maumivu. Kwa hiyo mbwa aliyebadilika ghafula achunguzwe kwanza na bwana mifugo.

PUA KWANZA

Katika pua ya mbwa mna chembe za kunusia zaidi ya milioni 100, hali binadamu anazo milioni tano au sita tu. Kunusa ndiko kusoma kwake. Msumbiji inaujua vizuri uwezo wa pua za wanyama. Baada ya Mkataba wa Amani wa Roma wa tarehe 4 Oktoba 1992, nchi ilisafishwa mabomu ya kutegwa ardhini, na mwezi Septemba 2015 ilitangazwa kuwa imekwisha kusafishwa. Katika kazi hiyo, pamoja na watu na mashine, walitumika mbwa, na vilevile panya buku waliofundishwa na shirika la APOPO huko Morogoro, Tanzania. Panya hao hawakupigwa ili wafanye kazi: walipewa ndizi na karanga kila walipotambua harufu ya baruti. Mbwa wa kazi naye hutafuta kwa bidii kwa sababu mwisho wa kutafuta ni tonge la chakula au mchezo wa mpira na mshika kamba wake. Kwake yeye kazi na mchezo ni kitu kimoja.

Mchezo wa kwanza, basi, ni wa kutafuta, nao haugharimu chochote. Mbwa afungwe au ashikwe mahali. Kipande kidogo cha samaki mkavu kifichwe mbele yake chini ya gunia kuukuu, kisha aachiwe na neno moja: “Tafuta!” Akikipata, asifiwe. Siku zinazofuata magunia yawe matatu, halafu matano, na kipande kifichwe asipokiona. Akiisha kuelewa, mchezo uhamie uani. Pwani harufu huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo mwanafunzi aanzie upande unakoelekea upepo ili harufu imfuate, na baadaye apewe kazi iliyo ngumu zaidi. Dakika tano hadi kumi zatosha, asubuhi na jioni. Mchezo usimamishwe mbwa angali na hamu nao.

CHAKULA KIWE KAZI

Ugali na samaki wa kawaida vyaweza kumshughulisha mbwa nusu saa badala ya kumezwa kwa dakika moja. Chakula kikavu kitawanywe juu ya majani safi akiokote kimoja kimoja. Au kifuu cha nazi kilichosuguliwa kingo zake kijazwe ugali laini uliochanganywa na samaki aliyetolewa miiba, mbwa aulambe hadi uishe. Asimamiwe, na kifuu kiondolewe mara anapoanza kukivunja. Asipewe kamwe kumbi la nazi, maana nyuzi zake zaweza kuziba matumbo. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali, na vitunguu huharibu damu ya mbwa. Vyote viwili vimwepuke. Chombo cha mbwa kitengwe na vyombo vya nyumbani. Ndivyo usafi utakavyo, na ndivyo dini itakavyo.

MATEMBEZI NA HATARI ZAKE

Mbwa hatoi jasho la kumtosha kama mtu. Hupoa kwa kuhema. Msimu wa kaskazi, joto linapozidi, atembezwe alfajiri na machweo, katika njia zinazoruhusiwa na wenye kulinda usalama. Mgongo wa mkono ukishindwa kukaa juu ya mchanga kwa sekunde saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Katika matembezi aachiwe anuse. Mwendo wa taratibu wenye kunusa humpumzisha akili kuliko mbio za kukokotwa.

Ufukweni aangaliwe asiokote bunju aliyetupwa na mawimbi, kwa kuwa sumu ya samaki huyo huua mbwa kama iuavyo mtu. Kandokando ya Rovuma asiachiwe kuogelea, kwa sababu ya mamba. Katika vijiji na mashamba yaliyohamwa asiachiwe kukimbia ovyo, wala mtoto asimtupie kitu cha chuma kilichookotwa, kwani vita hivi navyo vimeacha vitu vya kulipuka. Mchezo wa kutupa na kurudisha ufanywe kwa fundo la kamba lililotengenezwa nyumbani. Mbwa anayetetemeka asikiapo mlio wa bunduki asilazimishwe wala kuchapwa. Apewe mahali pa giza pa kujificha, na mtu atulie karibu naye.

AMRI MOJA, NENO MOJA

Nyumba nyingi za Palma na Mocímboa da Praia hutumia Kimwani, Kimakonde, Kiswahili na Kireno kwa siku moja. Mbwa aweza kujifunza neno la lugha yoyote, lakini hawezi kutii baba asemapo “kaa”, askari asemapo “senta” na watoto wakipiga kelele zao wenyewe. Wakubwa wapatane juu ya maneno matano au sita, watoto wafundishwe hayo hayo. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto wa mbwa wa wiki tatu hadi kumi na nne ndiye anayezoea kwa wepesi watu, baiskeli, kuku na sauti mbalimbali.

Mtoto naye afundishwe. Asimguse mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha, wala asimchokoze aliyefungwa. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani kichaa kikishaonyesha dalili huua. Kisiwa cha Pemba, huko Zanzibar, kimeonyesha kwamba maradhi hayo yaweza kufukuzwa kwa kuwachanja mbwa: yaliondoka mwaka 2014, yakarudi 2016 na kuondolewa tena 2018. Mbwa aliyezoeshwa kuguswa na kutulia huchanjwa bila vurugu. Hiyo nayo ni faida ya michezo iliyotajwa.

ASKARI ANAPOHAMISHWA

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wenye sare. Askari huhamishwa kwa amri ya siku moja, na mbwa wa kambi hubaki. Anayempokea akabidhiwe kamba, na pamoja nayo maneno ya amri, saa za kula, mchezo anaoupenda na cheti cha chanjo, vyote viandikwe katika karatasi moja. Ikiwezekana wawili hao wamtembeze pamoja kwa siku chache. Mbwa asiyerithishwa kwa mtu huishia majaani, na wa majaani ndiye anayeonekana alfajiri kwenye njia ya watoto waendao chuoni na shuleni. Dakika ishirini kwa siku, gunia kuukuu na kifuu cha nazi ni gharama ndogo ya kuiacha njia hiyo salama.