Thailand: Nchi, Magofu na Soko la Relini

Thailand ina eneo la kilomita za mraba 513,000 hivi, nusu ya Tanzania na ushee, lakini watu wake wanakaribia milioni 70. Mikoa ni 76, Bangkok ikihesabiwa peke yake. Fedha yao ni baht. Wana mfalme, wa kumi katika ukoo wa Chakri, na wakoloni wa Ulaya hawakuwahi kuitawala. Wengi ni Wabuddha. Kusini, kuelekea Malaysia, Waislamu ni wengi. Mpunga upo hadi basi. Kwa upande wa takwimu nadhani inatosha.

Mgeni mwenye begi mgongoni huanzia Ayutthaya, kilomita 80 hivi kaskazini ya Bangkok, na treni inafika. Mji huo ulianzishwa mwaka 1350, ukawa makao ya ufalme wa Siam kwa zaidi ya miaka 400, hadi jeshi la Burma lilipouteketeza mwaka 1767. Kilichobaki ni matofali mekundu, minara iliyoinama na safu za sanamu za Buddha zisizo na vichwa. Katika hekalu la Wat Mahathat kipo kichwa kimoja kilichomezwa na mizizi ya mti, uso tu ndio unachungulia. Ukitaka kupiga nacho picha sharti uchutame, maana kichwa chako hakiruhusiwi kupanda juu ya cha Buddha. Mlinzi hana mzaha. Mahekalu mengine yanafuata mtindo ule ule, na jua la mchana linamaliza hamu.

Kilichonikaa moyoni ni soko la Maeklong. Liko Samut Songkhram, kusini-magharibi ya Bangkok, na reli ya tangu mwaka 1905 inapita katikati yake. Mnunuzi hutembea juu ya mataruma, nyanya kulia, kaa kushoto, na maturubai ya pande mbili yanakutana juu ya kichwa chake.

Honi ikilia, hakuna anayekimbia. Mama muuza mboga anavuta kamba, turubai lake linajikunja. Jirani yake anasukuma meza ya magurudumu, inarudi nyuma hatua moja. Sinia za bilinganya na mchaichai zinaachwa pale pale chini, kwa sababu kila muuzaji anakijua kimo cha behewa: treni inapita juu ya mboga bila kugusa hata jani. Mwendo wake ni wa mtu aendaye sokoni, na madirishani watalii wametoa simu nje. Behewa la mwisho likishapita tu, maturubai yako juu tena na ubishi wa bei unaendelea ulipoishia. Hivyo mara nane kwa siku, kuja na kurudi.

Nilikaa sana kwenye meza ya samaki. Wanauza pla thu, ndugu wa karibu wa kibua wetu, aliyechemshwa na kupangwa kwenye vikapu vidogo vya mianzi, shingo imevunjwa ili atoshee. Kwetu vibua humwagwa kwenye beseni, mteja ajichagulie.

Na hapa lazima niseme. Kwetu mtu akipanga nyanya ndani ya hifadhi ya reli, kinachofuata ni alama nyekundu ya X kwenye kibanda, tangazo, kisha greda. Machinga hupelekwa kwenye soko jipya lisilopitiwa na mteja, na haupiti muda wamerudi kule kule waliko wateja. Sidai treni ya SGR ikatize kwenye mafungu ya mchicha. Hii ya Maeklong inatambaa, ndiyo maana inawezekana. Lakini kukaa na wauzaji, mkapanga saa za kupita na kimo cha meza, kunahitaji mkopo wa benki gani? Mkubwa yeyote anayetaka kujionea aende tu, ila avae viatu vya kufunika vidole. Mataruma yale yamelowa maji ya samaki.