Kabla ya Harambee ya Rubani, Macho Yapimwe

Katika vikundi tunavyotembelea, siku hizi hukosi kijana anayetaka kusomea urubani. Karo yake ni mamilioni ya shilingi. Watu huuza ng'ombe, wengine hata kipande cha shamba. Ndiyo sababu tunasema: kabla kadi za mchango hazijapigwa chapa, kijana apimwe macho, hasa namna anavyoona rangi.

Upungufu wa kuona rangi si upofu. Mwenye nao husoma na kuendesha baiskeli kama wengine, ila nyekundu na kijani humchanganya. Kwa kawaida amezaliwa hivyo. Hali hii hupitia kwa mama, ambaye mara nyingi yeye mwenyewe anaona sawasawa, nayo huwapata zaidi wavulana. (Baba asianze kumlaumu mama, hakuichagua.) Ukiona mtoto anachuma kahawa mbichi pamoja na mbivu kila mara, usikimbilie kiboko. Lakini upungufu ukiwa mdogo, pengine hata mwenyewe hajui.

Rubani rangi anazitumia wapi? Kando ya barabara ya kutulia ndege, kwenye viwanja vingi, kuna taa nne. Akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, anashuka sawa. Zote zikiwa nyekundu, yuko chini mno. Mwaka 2002, huko Tallahassee, Marekani, ndege ya mizigo iligonga miti alfajiri kabla ya kufika uwanjani. Watu wote watatu waliokuwemo walipona, lakini na majeraha mabaya. Wachunguzi walitaja uchovu, na pia upungufu wa kuona rangi wa rubani msaidizi aliyekuwa akiiongoza.

Kipimo cha kwanza kwa kawaida ni kitabu cha Ishihara, daktari Mjapani aliyekitoa mwaka 1917. Kurasa zake ni madoa ya rangi, na katikati ya madoa mna tarakimu. Ukurasa wa kwanza una 12, na hiyo kila mtu huiona, kwa hivyo asishangilie mapema. Apimiwe kwenye mwanga wa mchana au taa inayofanana nao, maana balbu ya manjano huharibu matokeo. Na asikaririshwe majibu na rafiki! Angani hakuna wa kumnong'onezea.

Akishindwa hapo, bado safari haijaisha. Kanuni za kimataifa za usafiri wa ndege, ambazo Kenya nayo imo, zinaruhusu apimwe tena kwa njia nyingine: kwa mfano taa maalumu, aonyeshe kwamba anazitambua bila shida rangi zinazotumika katika urubani. Chuo Kikuu cha City, London, kilitengeneza kipimo cha kompyuta kinachoonyesha upungufu ni wa kiasi gani, na baadhi ya walioshindwa kwenye kitabu hufaulu hapo. Miwani ya rangi inayouzwa kama dawa haikubaliwi. Asiyefaulu popote huenda akaruhusiwa kurusha ndege ndogo mchana tu, si kwa kuajiriwa na shirika la ndege.

Daktari wa macho wa karibu anaweza kuanza na kitabu, ila cheti chenyewe hutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Matokeo yaombwe kwa maandishi, na mweka hazina wa kikundi ayaone kabla mtu hajatoa shilingi.