Wati Elfu Nane za Katoni

Ukiwa na laki tatu na hamu ya muziki safi sebuleni, dukani utaoneshwa sabufa mpya yenye taa za rangi, katoni limeandikwa wati 8,000. Igeuze. Nyuma, karibu na waya wa umeme, kuna kibandiko kinachotaja wati inazokula, na si ajabu kukuta 60. Hakuna mashine inayotoa nguvu nyingi kuliko inazoingiza, kwa hiyo elfu nane zile ni mapambo ya katoni. Kwa fedha hiyohiyo mtumba unaweza kukupa muziki bora zaidi, mradi ujue pa kuanzia. Pa kuanzia ni spika, amplifaya isubiri.

Amplifaya ni ufundi uliokomaa zamani. NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na wati 20 tu kwa kila upande, hadi leo inasakwa na wapenzi wa muziki. Amplifaya nzuri ya namna hiyo huharibu sauti kwa chini ya asilimia 0.1, ilhali spika, hasa kwenye besi, hupita asilimia moja bila shida. Kasoro kubwa iko huko, na fedha ziende huko. Utaambiwa wati 20 hazitoshi. Lakini kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lione sauti imekuwa maradufu zinahitajika kama 10, yaani wati mara kumi. Spika inayotoa desibeli 91 kwa wati moja, badala ya 88, inakupa kile ambacho ungekipata kwa kununua amplifaya yenye nguvu maradufu.

Wapo wanaosema mtumba ni kununua ugonjwa wa mwenzako. Kweli vifaa hivi huugua, ila magonjwa yake yanajulikana. Sponji inayozunguka koni ya spika huoza baada ya miaka 15 hadi 20; iguse, ikimeguka kama keki kavu, punguziwa bei, kwa sababu fundi anaweza kubandika mpya. Ile ya mpira hudumu zaidi. Kisha weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, pande zote sawasawa, uisukume taratibu. Ukisikia mkwaruzo, koili imeungua au imepinda: hiyo iache. Amplifaya inayokwaruza unapozungusha kitufe cha sauti mara nyingi ina uchafu tu, na dawa ya kusafishia huumaliza. Inayonguruma muda wote hata sauti ikiwa chini kabisa huenda kapasita zake zimechoka, na hapo gharama ya fundi iingie kwenye hesabu.

Hatari ya kweli ni umeme. Kifaa cha Japani kimetengenezwa kwa volti 100, cha Marekani 120, nasi Tanzania tunatumia 230, Kenya 240. Soma nyuma kabla ya kuchomeka. Pasipo swichi ya kubadilisha volti utahitaji transfoma ya kupunguza umeme, na bei yake inaweza kuufuta unafuu wote.

Nenda na wimbo unaoujua vizuri kwenye simu, usikilize upande mmoja mmoja, kwa muda wa kutosha amplifaya ipate moto. Muuzaji asiyekubali uwashe, mwachie mzigo wake.