Tembo Asiye na Masikio

Ukifika hekalu la Wat Chedi Luang, katikati ya mji mkongwe wa Chiang Mai kaskazini mwa Thailand, usiishie kupiga picha upande wa mbele. Zunguka hadi upande wa kusini, uinue macho. Tembo watano wamejipanga ubavuni mwa jengo, vichwa vikichomoza ukutani kana kwamba wamelibeba mgongoni. Wanne wametimia, masikio na mikonga. Wa mwisho kulia hana hiki wala kile. Amebaki bonge la tofali lililoliwa na mvua. Wageni humpita. Kwangu huyo ndiye wa kutazamwa, maana ndiye wa kale: tofali na lipu ya chokaa. Wenzake ni wa saruji, wa juzi tu.

Jengo hilo ni chedi, si jumba la kuingia na kusali. Ni mnara uliojengwa kuhifadhi majivu ya wakubwa au masalia matakatifu. Huu ulianzishwa na mfalme Saen Muang Ma mwishoni mwa karne ya 14 kwa ajili ya majivu ya baba yake, ukakamilika karne iliyofuata, enzi za mfalme Tilokarat, ukiwa na kimo cha meta 80 hivi. Kuanzia 1468 kidaka chake cha mashariki kilihifadhi sanamu ya Buddha wa Zumaridi, ambayo leo iko Bangkok (na kusema kweli ni ya jiwe la kijani linalodhaniwa kuwa jade, si zumaridi). Kisha 1545 likaja tetemeko. Tofali zisizo na nondo hushikana kwa uzito wake zenyewe. Ardhi ikiyumba, hazina cha kuzizuia zisiachane. Kilele kikaporomoka. Kilichosalia ni meta 60 hivi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, UNESCO na serikali ya Japani zilisaidia ukarabati. Hapo ndipo penye utata. Tembo waliweza kurudishwa, kwa kuwa mmoja alikuwepo wa kuigwa. Kilele je? Hakuna aliyejua kwa hakika kilivyokuwa, kikaachwa kimevunjika. Naona waliamua vema. Hata hivyo wapo wanaonung'unika kwamba baadhi ya vilivyoongezwa vina mtindo wa Thailand ya kati, si wa Lanna, ufalme uliojenga mnara huu. Kidaka cha mashariki nacho kilipata nakala ya Buddha yule mwaka 1995, ya jade nyeusi.

Funika mabega na magoti. Kwenye ukumbi wa ibada, vua viatu, na ukikaa kunja miguu nyuma ili nyayo zisielekee sanamu. Kwenye kibanda cha nguzo ya mji, Inthakin, wanawake hawaruhusiwi kuingia.

Nenda alasiri, jua likiwa limelala. Mwanga wa ubavu huonyesha kila ungio la tofali kwenye paji la yule tembo, na hapa na pale kipande cha lipu kilichong'ang'ania.