Supu ya Mifupa na Jibu la Mbwa wa Paris (Sehemu ya Tatu)

Siku hizi sifa za supu ya mifupa zimetoka kwenye vibanda vya asubuhi na kuingia redioni na kwenye simu. Unga wa kolajeni unanadiwa kila kukicha, na supu yenyewe inatajwa kuwa huponya magoti, hulainisha ngozi na hukuza watoto. Dai hili la mwisho ndilo zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mama wa Nkololo, mkoani Simiyu, anayeambiwa kwamba supu ya kongoro itamrefusha mwanawe ana haki ya kupewa ukweli. Sehemu zilizotangulia zilikwisha kueleza protini ni nini na jinsi tumbo linavyoivunja kuwa amino asidi, sitarudia. Leo nataka kuonyesha kwamba swali hili lilikwisha kuulizwa, likapimwa na kujibiwa karibu miaka 200 iliyopita, na walioligharamia jibu hilo kwa uhai wao ni mbwa.

Habari inaanza na Denis Papin, Mfaransa aliyekuwa London, ambaye mwaka 1679 aliwaonyesha wanasayansi wa huko chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana mvuke. Ndicho babu wa sufuria ya presha. Papin alikitumia kulainisha mifupa, akijisifu kwamba kwa makaa machache tu hupata chakula kutoka kitu kilichokuwa kikitupwa. Wazo hilo liliwakaa Wafaransa kichwani. Mwanzoni mwa karne ya 19 mkemia d'Arcet alibuni njia ya kutoa mifupani kwa wingi jelatini, yaani kolajeni iliyokwisha kupikwa, na wakubwa wa Paris wakafurahi: sasa maskini na wagonjwa wa hospitali wangelishwa kwa gharama ndogo. Tatizo ni kwamba walioinywa hawakunenepa. Mwaka 1831 madaktari wa hospitali ya Hôtel-Dieu waliilalamikia wazi. Akademia ya Sayansi ikaunda kamati chini ya François Magendie, nayo ikafanya kazi miaka kumi. Mbwa waliopewa jelatini tupu waliikataa baada ya siku chache, wakakonda, wakafa kwa njaa chakula kikiwa mbele yao. Taarifa ya mwaka 1841 haikuficha kitu: jelatini peke yake haimtoshi kiumbe hai.

Ungedhani ubishi uliishia hapo. Lakini tamaa ya kulisha wengi kwa mabaki haifi upesi. Mwaka 1865 ilianzishwa kampuni yenye jina la mkemia Mjerumani Justus von Liebig, ikikamua kiini cha nyama huko Fray Bentos, Uruguay, na kukiuza Ulaya kama nguvu iliyofungwa kwenye chupa. Baadaye ikadhihirika kwamba kilichomo ni ladha zaidi kuliko lishe. Kampuni hiyo ilifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Kiwanda chake cha Athi River, Kenya, kilihitaji ng'ombe wa bei rahisi, na mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowalazimisha Wakamba kuuza mifugo yao kwa kisingizio cha kuokoa ardhi, Muindi Mbingu aliwaongoza watu wake kwa maelfu hadi Nairobi, wakakaa huko hadi amri ikalegezwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kampuni hiyo hiyo ikawa mbia wa serikali katika Tanganyika Packers ya Kawe, Dar es Salaam. Msukuma aliyelazimishwa kupunguza ng'ombe wake miaka ya 1950 hahitaji kuelezwa maana ya habari hizi. Aliye na ng'ombe hai ana maziwa, samadi na mahari. Anayeletewa chupa ana ladha tu. Ndiyo maana nauogopa unga wa kolajeni kuliko ninavyoiogopa supu.

Sababu ya mbwa wale kufa ilijulikana baadaye. Mwaka 1901 Hopkins na Cole wa Cambridge walitenga amino asidi iitwayo triptofani, ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Jelatini haina hata chembe yake. Hapa ndipo suala linapoihusu Simiyu moja kwa moja, kwa sababu mahindi nayo yana upungufu wa amino asidi hiyo hiyo. Mtoto anayeshushia ugali wa sembe kwa supu ya mifupa tupu amepewa vitu viwili vyenye pengo moja, haviwezi kuzibiana. Kinachoziba ni maziwa, yai, samaki, choroko na dengu, na hizi mbili za mwisho ndizo zinazopakiwa magunia kwenda kuuzwa.

Wapo watakaosema: wazee wetu walikunywa supu hii wakaishi miaka mingi. Kweli, lakini waliinywa pamoja na mtama, maziwa, karanga na nsansa (mboga za majani zilizokaushwa), na nyama ikiwa bado imeng'ang'ania mfupa. Wengine watasema mfupa una kalsiamu, na ndimu huitoa. Mwaka 1934 watafiti McCance, Sheldon na Widdowson walipima supu za mifupa mjini London wakakuta kalsiamu kidogo mno, mbali na ile ya maziwa. Tindikali huongeza kidogo tu. Anayetaka kalsiamu ya mfupa na aule mfupa wenyewe: dagaa wa Ziwa Victoria huliwa wazima. Kuhusu magoti, yapo majaribio yaliyoonyesha nafuu ndogo kwa waliotumia unga wa kolajeni, ila mengi yamegharamiwa na wauzaji. Faida ya hakika ya supu ni maji, chumvi, joto na hamu ya kula. Kwa mzazi na kwa anayeinuka kitandani, hizo si faida ndogo.

Basi ipikwe, na ipikwe vizuri. Kongoro liunguzwe manyoya, likwanguliwe, lioshwe na kupasuliwa. Lianze kwenye maji baridi, povu liondolewe, kisha moto uwe mdogo kwa saa nne au zaidi. Mwenye sufuria ya presha ataokoa kuni nyingi, na Simiyu haina miti ya kuchezea. Tangawizi, kitunguu swaumu na chumvi kidogo viingie mwishoni, pamoja na konzi mbili za choroko zilizolowekwa, zichemke hadi ziive. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiguswe kabisa, kwa hofu ya kimeta. Mchuzi wa mbwa hunywewa ungali moto, na huu pia: usilale chunguni usiku kucha bila jokofu.

Anayeuza choroko ili anunue unga wa kolajeni anauza dawa ya udumavu na kununua kosa la Paris. Viongozi wa kata wanaohimiza lishe wangeanza kulisemea hilo mnadani kabla wachuuzi hawajawawahi. Juma lijalo: maziwa mgando.